Mchomo Unaofichwa: Deni Letu kwa Wauguzi wa Mara

Msafiri atokaye Mwanza kuelekea Sirari, akiisha kuipita Bunda, yenye nyika ya Serengeti upande mmoja na ghuba ya ziwa upande wa pili, hufika Makutano, ambako barabara humtaka achague: kushoto kwake iko njia ya Musoma, mji uliokaa juu ya miamba ukitazamana na Ziwa Viktoria, na kulia kwake iko njia ya Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999. Katika njia hizo za Mkoa wa Mara wagonjwa hupita usiku na mchana: mama mja mzito aliyeshikwa na uchungu akapakizwa juu ya pikipiki kwa kukosa usafiri mwingine, mvuvi aliyeshushwa mtumbwini akiwaka homa, mtoto mwenye malaria aliyekwisha kupauka viganja kwa upungufu wa damu. Na kila safari ya namna hiyo iishiapo, ikiwa ni hospitali ya rufaa, hospitali ya wilaya, kituo cha afya au zahanati ya kijiji, yuko mtu anayewapokea akiwa na sindano mkononi. Habari za wagonjwa hao huandikwa mara nyingi. Habari za mtu huyo mwenye sindano, na za dhara limpatalo kwa sindano hiyo hiyo, huandikwa kwa nadra mno.

Dhara lenyewe ni dogo kwa kulitazama. Ncha iliyotoka katika mshipa wa mgonjwa hupenya glovu ikaingia katika kidole cha muuguzi. Au kisu cha upasuaji huteleza. Au damu na maji ya uzazi huruka yakamwingia mkunga machoni. Maumivu yake hayazidi yale ya mwiba. Lakini katika tone hilo huweza kuwamo virusi vya namna tatu ambavyo matabibu huvihofu kuliko vingine: vya homa ya ini B, vya homa ya ini C, na virusi vya UKIMWI (VVU). Mchomo kutoka kwa mgonjwa mwenye VVU asiyetumia dawa huambukiza, kwa wastani, watu kama 3 katika kila 1,000 waliochomwa. Mchomo kutoka kwa mwenye homa ya ini B huweza kuwaambukiza wasiochanjwa kuanzia 6 hadi 30 katika kila 100, kwa kadiri ya wingi wa virusi katika damu ile. Na ya homa ya ini C aghalabu huwa chini ya 2 katika 100. Msomaji na azitazame vizuri hesabu hizo, maana hofu ya watu wengi imeelekea kwenye UKIMWI, ilhali hatari iliyo kubwa zaidi ni ile isiyotajwa majumbani wala mikutanoni.

Watu hudhani kwamba aliyechomwa amechomwa kwa uzembe wake. Kabla ya kutoa hukumu hiyo, na tuitazame wodi ya wazazi usiku wa manane, pale mkunga mmoja anapokuwa na kina mama wawili, mmoja akisukuma mtoto na mwingine akivuja damu kwa kuchanika, naye analazimika kushona katika mahali pasipoonekana vema, chini ya taa dhaifu, akiiongoza sindano kwa ncha ya kidole kwa kuwa jicho haliifikii. Au tumtazame yule anayemtafutia mtoto mshipa wa kumwekea kanula, mtoto akirusha miguu, mama akilia, na jamaa aliyeombwa amshike mtoto akageuza uso kwa huruma na kulegeza mkono. Sindano haihitaji nafasi kubwa kuliko hiyo.

Wapo pia wanaochomwa wakati wa kuirudishia sindano kifuniko chake, tendo lililokatazwa katika kila darasa la uuguzi na ambalo hata hivyo hutendwa. Hutendwa kwa sababu kisanduku cha kutupia vitu vyenye ncha kali kimewekwa mwisho wa wodi ilhali mgonjwa yuko mwanzo wake, na muuguzi anayelazimika kupita kati ya vitanda na jamaa za wagonjwa akiwa na sindano iliyo wazi huona, kwa akili yake njema, kwamba kuifunika ni kuwahifadhi waliomzunguka. Kumkaripia mtu wa namna hiyo bila ya kukisogeza kisanduku ni dhuluma. Kisanduku hicho nacho, kinachotakiwa kufungwa kikijaa robo tatu, mara nyingine huachwa mpaka sindano zikachomoza juu ya mdomo wake, kwa sababu kingine hakijaletwa. Na hapo anayetia sindano ya mwisho huziendea zote zilizotangulia kwa mkono wake.

Ukitaka kujua ukubwa wa jambo hili katika pande zetu za ziwa, ushahidi mzuri upo kwa jirani. Mwaka 1997 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali za Mkoa wa Mwanza, ambao ulionyesha kwamba mhudumu wa kawaida alikuwa akichomwa mara 5 kwa mwaka, na kurukiwa na damu au majimaji ya mwili mara 9. Watafiti walikadiria kwamba hatari yake ya kupata VVU kwa sababu ya kazi ilikuwa asilimia 0.27 kwa mwaka, na kwamba hatari ya daktari wa upasuaji asiyekuwa na kinga ya ziada ilizidi mara mbili ya hiyo. Mtu akiitazama 0.27 ataiona si kitu. Lakini utumishi wa muuguzi si wa mwaka mmoja. Tukiihesabu kwa miaka 30 ya kazi, na kama hali ingebaki vile vile, ingekaribia watu 8 katika kila 100, yaani katika wodi mbili tatu za hospitali moja ungepata mtu aliyeyapata maradhi kwa kuwatibu wengine. Tangu siku hizo dawa zimekuja, na mgonjwa anayezitumia vema dawa za kufubaza VVU huwa na virusi vichache mno katika damu yake, basi hatari imepungua kwa kiasi kikubwa. Vidole vya wauguzi, hata hivyo, vingali vile vile, na homa ya ini haikungoja.

Historia ya dhara hili inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko tunavyodhani. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitangazwa mwaka 1983 huko Kagera, ng'ambo ya pili ya ziwa hili hili. Mwaka uliofuata madaktari wa Uingereza walichapisha habari ya muuguzi aliyeambukizwa kwa mchomo wa sindano, habari ya kwanza ya namna hiyo kuandikwa duniani. Na wakati huo huo, katika hospitali ya Lacor karibu na mji wa Gulu, Uganda, alikuwako daktari wa upasuaji, Lucille Teasdale, mzaliwa wa Montreal katika Kanada, aliyefika Gulu mwaka 1961 pamoja na Piero Corti, aliyekuja kuwa mumewe. Baada ya kuanguka kwa Idi Amin mwaka 1979, na katika vita vilivyoendelea kuitesa nchi ile, Teasdale aliwapasua majeruhi wengi mno, akitafuta kwa vidole vyake risasi na vipande vya mifupa ndani ya nyama, na vipande hivyo vilikuwa vikimkata. Mwaka 1985 alipimwa akakutwa na VVU. Aliendelea na kazi kwa kadiri ya nguvu zake, akafariki mwaka 1996, na kaburi lake liko pale pale Lacor.

Miaka minne baada ya kifo chake hospitali ile ile ilipatwa na msiba mwingine. Mwaka 2000 Ebola iliingia Gulu, ikaugusa umati wa watu 425 na kuwaua 224. Aliyeongoza mapambano alikuwa Dakta Matthew Lukwiya, mtu aliyekuwa wa kwanza kutambua kwamba wauguzi wake walikuwa wanakufa kwa ugonjwa usiokuwa wa kawaida. Usiku mmoja aliitwa kumwauni muuguzi mgonjwa aliyekuwa akitokwa damu na kuhangaika kitandani. Alivaa joho, barakoa na glovu, lakini machoni mwake hakuwa na kinga. Inaaminika kwamba hapo ndipo maradhi yalipomwingia. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Wale wanaodhani kwamba miwani ya kukinga macho ni anasa ya hospitali za matajiri wakumbuke usiku ule. Na wasiseme kwamba Gulu ni mbali, maana mwezi Machi mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Kagera, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo mhudumu wa afya.

Haya ni majina yaliyoandikwa. Yasiyoandikwa ni mengi zaidi, na sababu yake ndiyo kiini cha makala haya.

Muuguzi anayechomwa katika mji mdogo huona fedheha. Akienda kumwambia mkuu wa wodi, swali la kwanza linalompokea aghalabu ni hili: "Sista, ulikuwa unaangalia wapi?" Swali hilo, hata likiulizwa kwa upole, lina hukumu ndani yake, na mtu aliyekwisha kuhukumiwa hana hamu ya kueleza zaidi. Kisha anatakiwa kupimwa yeye mwenyewe, maana dawa za kinga hazitolewi kwa mtu ambaye tayari anaishi na virusi, naye anaogopa majibu yake yasijulikane na watu anaofanya kazi nao kila siku. Kisha, dawa zenyewe mara nyingi zimo katika kliniki ya tiba na matunzo, ile iitwayo CTC, ambako majirani zake, wazazi wa marafiki wa watoto wake na jamaa za mumewe huketi wakingoja zamu. Na Musoma, sembuse Bunda au Butiama, si mji ambao mtu aweza kuketi katika benchi lile asitambuliwe. Basi huosha kidole, huvaa glovu nyingine, hurudi kazini, na usiku hulala akihesabu. Mumewe haambiwi. Wiki zikipita bila ya homa, husema Mungu amemwepusha. Huenda amemwepusha kweli. Lakini homa ya ini B huweza kukaa mwilini miaka 20 na zaidi bila ya ishara, na siku ishara zitakapotokea, ini limekwisha kuharibika.

Ukimya huo unagharimu kwa sababu msaada upo na una saa zake. Kidonda kikioshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila ya kukikamua wala kukimwagia dawa kali, na jicho likisafishwa kwa maji mengi safi, hatua ya kwanza imetimia. Hatua ya pili ni dawa za kinga, PEP, ambazo hufaa zaidi zikianza katika saa za mwanzo, na ambazo zikipita saa 72 huwa hazina tena matumaini ya kufaa. Huendelea kumezwa kwa siku 28. Nguvu yake si dhana. Mwaka 1997 huo huo, watafiti waliokusanya habari za wahudumu wa Ufaransa, Uingereza, Italia na Marekani walionyesha kwamba zidovudine peke yake, dawa ya siku zile, ilipunguza uwezekano wa kuambukizwa kwa takriban asilimia 81. Na dawa za leo ni bora kuliko ile, tena zinavumilika zaidi mwilini. Kwa hiyo swali la kwanza linalostahili kuulizwa ni "Saa ngapi?" Mengine yote, ya nani alikuwa anaangalia wapi, yanaweza kungoja mpaka kidonge cha kwanza kimezwe. Na kidonge hicho kinapasa kuwapo katika kabati la wodi hata saa nane za usiku, Jumapili na sikukuu, kwa muuguzi wa zahanati ya kijijini kama kwa daktari wa mjini, bila ya kumngoja mwenye ufunguo arudi asubuhi.

Kwa homa ya ini B tunayo silaha iliyo bora zaidi ya dawa. Chanjo yake ilianza kutumika duniani mwanzoni mwa miaka ya 1980, miaka michache tu baada ya Baruch Blumberg kupewa Nishani ya Nobel mwaka 1976 kwa ugunduzi uliotokana na virusi hivyo. Hutolewa mara tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu katika mwezi wa sita, na huwakinga walio wengi kwa miaka mingi. Tanzania iliiingiza katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2002. Jambo hilo lilikuwa la heri kubwa, lakini lina maana ambayo wasimamizi wa hospitali wanapaswa kuipima: muuguzi aliyezaliwa mwaka 1998, ambaye leo amekwisha kukomaa kazini, hakuikuta alipokuwa mtoto, wala hakuikuta mwalimu wake, wala mfagiaji wa wodi yake. Wote hao, kama hawakuchanjwa ukubwani, wanaingia zamu mikono mitupu. Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 juu ya meza iliyokauka. Sioni kwa nini mtu apewe kitambaa cha kuifuta meza ile kabla hajapewa chanjo.

Nimemtaja mfagiaji kwa kusudi. Katika mazungumzo ya jambo hili hutajwa daktari na muuguzi, na ni haki yao. Lakini sindano haikomi safari yake mkononi mwa muuguzi. Iliyosahauliwa katika mashuka humchoma mfuaji, iliyotupwa katika ndoo ya taka za kawaida humchoma anayebeba ndoo, na iliyopona moto katika tanuri la kuchomea taka humchoma anayezoa majivu. Watu hawa aghalabu huajiriwa na wazabuni kwa mikataba mifupi, glovu zao ni nyembamba, mafunzo yao ni ya kuambiwa kwa mdomo siku ya kwanza, na akichomwa mmoja wao hajui hata aende kwa nani. Wanafunzi wa vyuo vya afya wako karibu nao katika unyonge huo: mikono yao haijazoea, na woga wa kufeli huwafunga vinywa.

Sheria, kwa maandishi yake, iko upande wao. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyozaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, ambao humfidia aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Lakini Mfuko haulipi mchomo ambao haukuandikwa. Muuguzi atakayeugua ini baada ya miaka 15 ataulizwa ushahidi kwamba maradhi aliyapata kazini, na ushahidi pekee utakaomwokoa ni mstari mmoja katika daftari la ajali, wenye tarehe, saa, na majibu ya damu yake ya siku ile yanayoonyesha kwamba alikuwa mzima. Mstari huo ndio hati yake ya madai, na kila asiyeuandika kwa aibu amemsamehe mwajiri deni asilolijua.

Kuna swali la vifaa, nalo lina utata unaostahili kuelezwa. Mabomba ya sindano yanayojifunga baada ya kutumika mara moja, ambayo tumeyazoea hasa katika chanjo, yalibuniwa kumlinda mgonjwa afuataye asidungwe sindano iliyokwisha kutumika. Ncha yake hubaki wazi, na humchoma muuguzi kama ncha nyingine yoyote. Linalomlinda muuguzi ni bomba ambalo sindano yake hurudi ndani au hufunikwa na ala mara baada ya kutumika. Marekani ilitunga sheria ya kuwalazimisha waajiri kutumia vifaa vya namna hiyo mwaka 2000, Umoja wa Ulaya ukafuata kwa agizo la mwaka 2010, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likazihimiza nchi zote zihamie huko. Bei yake ni ya juu, sikatai. Lakini hata pasipokuwa na bomba hilo, mengi ya yale niliyoyataja hayahitaji fedha nyingi: kisanduku kuletwa kando ya kitanda, taa ya kushonea iwake, sindano za kuchoma dawa zisizo za lazima ziachwe pale kidonge kinapotosha, kwani sindano isiyochomwa haina wa kumdhuru.

Hospitali ya rufaa yenye jina la Mwalimu Nyerere, pale Kwangwa mjini Musoma, ilianza kujengwa katika miaka ya 1970 ikakaa miongo mingi bila ya kukamilika, mpaka hatimaye ikafunguliwa milango yake kwa wagonjwa. Watu wa Mara waliisubiri kwa saburi kubwa, na wana haki ya kuifurahia. Majengo, hata hivyo, hayamtibu mtu. Wanaotibu ni wale walio ndani, na haifai tungoje miongo mingine kabla ya kuwapa wao kinga tuliyokusudia kuwapa wagonjwa. Nawaomba waganga wakuu wa mkoa na wa wilaya, wa Musoma, Bunda, Butiama na kwingineko, pamoja na wenye hospitali za mashirika ya dini, wafanye jambo moja kabla ya mwaka huu kwisha: waitishe orodha ya kila mtu anayeingia wodini, maabara, chumba cha kufulia na tanurini, waulize nani amechanjwa mara tatu, na wawachanje waliobaki kwa gharama ya mwajiri.

Nawe msomaji, ambaye huenda kesho ukalazwa wewe au mwanao, liko lako la kutenda. Muuguzi anapokudunga, usimsemeshe, na anapomdunga mwanao, mshike mtoto vizuri. Na ikitokea muuguzi au daktari akaja kando ya kitanda chako, akakueleza kwamba mwenzake amechomwa na sindano iliyokuwa mwilini mwako, akakuomba ridhaa ya kuipima damu yako, usione kwamba umetuhumiwa. Majibu yako ni siri yako, nao wanafungwa na sheria kuitunza. Lakini kwa aliyechomwa, majibu hayo yatamwambia kama ameze dawa siku 28 au alale kwa amani. Kubali upesi, maana saa zake zinahesabika.